Zawadi Yenye Jina

Tukiwa kanisani, sisi watu wa mlimani husema kwamba anayerudi nyumbani Desemba hapimwi kwa mizigo aliyobeba. Tukishatoka nje tunampima. Ndiyo maana Hosea alimwomba dereva wa bajaji awashushe chini, kwenye daraja, badala ya pale dukani ambako watu wanakaa kwenye mabenchi tangu asubuhi wakiangalia nani amekuja na amekuja na nini. Dereva alifurahi. Bajaji yake ilishaanza kugoma, na mlima wenyewe ulikuwa bado.

"Baba, mbona tunashukia huku?" aliuliza binti yake, Eliona. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa amekumbatia boksi la maji ya chupa lililotobolewa matundu kila upande.

"Tunanyoosha miguu."

Magdalena, mkewe, alijitwika begi kubwa, akashika mfuko wenye sukari, mchele na khanga moja, akatangulia. Miaka yote walikuwa wakipanda Old Moshi na pikapu ya tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi wa Dar es Salaam, ambaye Hosea alikuwa dereva wake. Pikapu ilikuja imejaa na watoto wa jirani waliikimbilia kwa nyuma. Mwezi wa nane tajiri aliuza pikapu, na Hosea akabaki na leseni mfukoni. Nyumbani hakuna aliyejua. Alikuwa amejiambia kwamba jambo kama hilo halisemwi kwenye simu, na sasa alikuwa anajiambia kwamba halisemwi Krismasi.

Ndani ya boksi kulikuwa na mtoto wa mbwa. Eliona alimwokota kwenye mtaro nyuma ya shule yao kule Tabata, siku chache kabla shule hazijafungwa, akamwita Chapati kwa sababu masikio yake yalikuwa mapana, ya kahawia, yenye madoa kama ya kuungulia kikaangoni. Mama mwenye nyumba aliwaambia wazi kwamba wakisafiri wakamwacha, wakirudi wasimuulize. Basi na yeye akaja likizo. Ndani ya basi alisafiri chini ya kiti, na kila alipolia Eliona aliimba pambio kwa sauti, mpaka abiria wa mbele wakasema mtoto huyu ameokoka kweli.

Bibi Flavia aliwaona tangu wako kwenye migomba ya chini. Akatoa kigoda chake, akakiweka mlangoni, akakaa. Kwa Bibi Flavia hakuna mtoto aliyekunywa maji kabla hajaweka mbele yake alichomletea. Si kwamba alikuwa na tamaa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua kidogo, akamshukuru Mungu kwa Kichaga, na hapo ndipo mtu alipojiona amefika. Mwaka juzi aliinua blanketi. Mwaka jana aliinua taa ya sola, na jirani zake bado walikuwa wanaizungumzia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, mama Eliona, pole na safari. Na wewe mjukuu wangu mbona umekonda hivyo, Dar hakuna ndizi?"

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye boksi. Magdalena alikuwa anahangaika kufungua mfuko ili atoe ile khanga, na Hosea alikuwa anatafuta maneno ya kuiombea radhi, maana sukari, mchele na khanga ni vitu vya kumpelekea mgonjwa. Kabla hajayapata, boksi lililia. Bibi Flavia alinyoosha mikono yote miwili. Eliona, aliyefundishwa kwamba bibi akinyoosha mikono unampa, alimpa.

Bibi alifungua. Chapati alitoa kichwa, akapiga chafya, akamlamba kidole gumba.

"Hosea," alisema Bibi Flavia. "Kumbe ulinisikia."

Hosea hakuelewa mara moja. Kisha akakumbuka. Mwezi wa kumi mama yake alimpigia simu akamwambia kwamba wezi wanaingia kihambani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Walikata mikungu ya ndizi, wakabeba kuku wote wakamwachia mmoja. "Nikisikia vishindo usiku nakohoa," alisema mama. "Nakohoa kama marehemu baba yenu, ile ya kifuani, ili wajue kuna mwanamume ndani." Akacheka mwenyewe. Halafu akasema: "Nitafutie mbwa, baba. Hata mdogo, nitamkuza." Siku hiyo Hosea alikuwa kwenye geti la kiwanda na wenzake wengi, wakingoja kuitwa kwenye vibarua. Alisema sawa mama, na kabla simu haijarudi mfukoni alikuwa ameshasahau. Hakusahau kwa ubaya. Alikuwa na njaa, na geti lilikuwa linafunguliwa.

Sasa mama yake alikuwa amemwinua Chapati usawa wa uso wake, machozi yanamtoka waziwazi, anamshukuru Mungu kwa Kichaga, "Aika, Ruwa. Aika." Mwanamke huyu hakulia hata kwa taa ya sola.

"Ni mbwa wa ulinzi, eti?" aliuliza. "Umeniletea mlinzi?"

"Ndiyo, mama," alisema Hosea.

Eliona alimgeukia baba yake, mdomo wazi. Hosea akaangalia migomba.

*

"Kamwambie," alisema Magdalena. Walikuwa nyuma ya jiko, yeye anaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

"Nimwambieje? Umemwona alivyolia."

"Na huyu mwingine umemwona? Amejifungia chooni. Baba Eliona, umemnyang'anya mtoto kitu mkononi huku anakutazama."

"Nimwambie mama nilisahau? Nimwambie sikuleta kitu kwa sababu sina kazi? Kesho kaka Filemon anaingia hapa na gari lake."

"Kwa hiyo mtoto ndiye alipe."

Wanaume wakishindwa hoja huahidi, na Hosea hakuwa tofauti. Akaahidi kwamba Krismasi ikipita tu atasema. Kisha akaenda kugonga mlango wa choo, akachuchumaa nje, akamwambia Eliona kwa sauti ya chini kwamba Chapati anamsaidia Bibi kwa siku chache, na asimwambie mtu yeyote kwamba ni wake.

"Hata Bibi?"

"Hasa Bibi."

"Halafu tutaondoka naye?"

"Tutaona."

Mtoto wa miaka tisa anajua maana ya tutaona. Alifungua mlango, akapita pembeni ya baba yake bila kumgusa.

Bibi Flavia hakupoteza muda. Jina la Chapati hakuwahi kulisikia, basi akampa la kwake: Askari. Alimtengenezea kibanda cha mbao pembeni ya zizi la ng'ombe, akamfunga kamba ya katani shingoni, akamwekea bakuli la bati. Mchana alifungiwa mle gizani, ili usiku akitoka awe mkali. Ndivyo mbwa wanavyolelewa kule, na Bibi aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi yote. Uji wake aliuchanganya na maziwa, ambayo yeye mwenyewe alikuwa anayauza hadi tone la mwisho.

"Usimchezee, mjukuu wangu," alimwambia Eliona aliyekuwa amechutama mbele ya kibanda. "Akizoea mikono ya watu, atampokea na mwizi kwa mkia."

"Analia, Bibi."

"Analia leo. Mtu akizaliwa si huanza na kulia?"

Filemon alifika kesho yake kutoka Dodoma, na gari lilikuwa na tanki la maji juu ya kichwa. Ni mtu mwema, Filemon, ila wema wake una sauti kubwa. Alilishusha tanki akiwaita majirani waje kusaidia, ingawa lilikuwa tupu na jepesi na angeweza kulibeba peke yake. Bibi Flavia aliliwekea mikono, akashukuru, kisha akamshika mwanawe mkubwa mkono na kumpeleka kibandani.

"Hosea ameniletea huyu."

Filemon aliinama, akachungulia. "Huyu? Mdogo wangu, umetoka Dar mpaka huku na mbwa koko?" Akacheka. "Na pikapu ya bosi iko wapi?"

"Iko gereji," alisema Hosea.

"Mwache," alisema mama. "Wewe umeniletea tanki, na nimeshukuru. Lakini tanki halibweki."

Majirani walicheka, na Filemon naye akacheka, maana ukweli ulikuwa mtamu. Hosea pia alijitahidi kucheka.

*

Siku ya Krismasi, baada ya mahubiri, mchungaji aliwaita wenye shukrani. Walisimama wengi. Kuna aliyeshukuru kwa mtoto kufaulu, kuna aliyeshukuru kwa kupona mguu. Bibi Flavia alipita mbele akiwa amevaa khanga mpya ya Magdalena, na kwapani alikuwa na kuku. Hosea alimtambua kuku huyo. Ni yule mmoja waliyemwacha wezi, mwekundu, aliyekuwa anataga.

"Mimi nimeibiwa mwaka huu, mnajua," alisema Bibi kwenye kipaza sauti, akiwa amekiegemea mno hadi kikapiga mluzi. "Nimelala kwa hofu. Nilimwambia mwanangu wa mwisho kwenye simu, mara moja tu, sikurudia. Nikasema moyoni, watoto wana mambo yao huko mjini. Bwana asifiwe, hakusahau. Amebeba mlinzi kwenye boksi, amempakata ndani ya basi, amenifikishia. Nimekuja na huyu kuku kusema asante."

Waumini walipiga makofi. Wanawake wa kwaya walipiga vigelegele. Watu waligeuka kumtafuta Hosea kwa macho, na yule mzee aliyekaa mbele yake alimpa mkono. Eliona alikuwa amekaa katikati ya baba na mama, anaitazama miguu yake isiyofika chini.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, sadaka za namna hiyo hupigwa mnada nje ibada ikiisha. Mikungu ya ndizi, mayai, maboga, kuku. Mama akitoa kuku, mwanawe anampandia bei mpaka wengine wanyamaze, anamnunua, halafu anasema kwa sauti, "Namrudishia mama." Kanisa linapata fedha, mama anarudi na kuku wake, na kijana anakuwa ameheshimu watu wote kwa mpigo mmoja. Hakuna anayelazimishwa. Ila kila mtu anajua.

Mzee wa kanisa alimwinua kuku mwekundu. "Kuku wa Mama Filemon huyu! Anataga! Nani ananianzishia?" Akamtazama Hosea akitabasamu. Wengine wote wakamtazama pia, na wakanyamaza kumpa nafasi.

Mfukoni Hosea alikuwa na nauli ya kurudi na si zaidi. Alikuwa ameshaihesabu mara nyingi mno kiasi kwamba hakuhitaji kuigusa. Mkono wake ulitaka kunyanyuka wenyewe. Magdalena alimshika kiwiko, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kusimama.

"Mdogo wangu," Filemon alinong'ona, "watu wanakungoja. Au nianze mimi?"

Hosea alitikisa kichwa. Asingeweza kuvumilia hilo pia. Mwalimu mmoja mstaafu, alipoona kimya kinazidi kuwa kirefu, alitaja bei kwa haya. Hakuna aliyempinga. Kuku akafungwa miguu, akaondoka na mwalimu kwenda kuliwa Krismasi.

Minong'ono ilianza, na Bibi Flavia aliisikia. Akaongea kabla haijawa maneno. "Mimi ndiye niliyemkataza!" alisema kwa sauti ya furaha. "Nilimwambia Hosea sadaka ikitoka imetoka, asithubutu kunirudishia." Akamshika mwanawe mkono mbele ya watu wote, wakashuka pamoja kwenda nyumbani. Njia nzima hakumwangalia, lakini mkono hakuuachia.

*

Jioni hiyo, wakati mbuzi ameshaliwa na supu ya kisusio, ile ya damu ya mbuzi, imebaki chini ya sufuria, Filemon alikuwa anarudisha gari nyuma ili aligeuze. Askari alikuwa ametolewa nje kabla giza halijaingia. Kamba ya katani, ambayo alikuwa ameitafuna kimyakimya tangu alipofika, ilikatika. Akakimbilia palepale alipokuwa anasikia sauti za watu, nyuma ya gurudumu.

"Chapati!" alipiga kelele Eliona. "Chapati! Njoo! Chapati!"

Kijibwa kile, ambacho Bibi alikuwa akikiita Askari asubuhi na jioni bila chenyewe kugeuza hata sikio, kiligeuka, kikachomoka kama mshale, kikavuka ua, kikamrukia mtoto kifuani. Kilimlamba macho, kikajikojolea kwa furaha juu ya gauni la Krismasi. Eliona alikaa chini kwenye vumbi, akakibana, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya kwanza.

Filemon alizima gari. "Chapati? Si anaitwa Askari?"

Bibi Flavia alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la bati mkononi. Alimwangalia mjukuu wake, akamwangalia mbwa. Kisha akamwangalia Hosea, na Hosea akainamisha kichwa, na ikawa imetosha.

"Watoto huwapa wanyama majina," alisema Bibi. "Nenda, Filemon, geuza gari lako."

Baadaye alimwita Eliona jikoni wamenye ndizi pamoja. Bibi alimenya nyingi kabla ya kuongea.

"Kule Dar alikuwa analala wapi?"

"Miguuni kwangu, Bibi."

"Anakula nini?"

"Tunachokula. Anapenda maandazi."

"Baba yako alikuambia kwamba mnaniletea mimi?"

Eliona aliacha kumenya. "Baba alisema nisiseme."

"Basi usiseme," alisema Bibi Flavia. "Umefanya vizuri kumtii baba yako." Akachukua ndizi nyingine. Mikono yake ilikuwa imeshikwa na utomvu, na aliendelea kuisugua kwenye khanga mpya bila kujua kwamba anaiharibu.

*

Siku ya kuondoka waliamka wakakuta boksi la maji ya chupa liko mlangoni, limefungwa vizuri kwa uzi wa mgomba, na ndani yake Chapati amelala juu ya kipande cha blanketi. Lilikuwa lile blanketi la mwaka juzi. Bibi alikuwa amekata pembe.

"Huyu ni mdogo mno," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Filemon aliyekuwa ameshawasha gari arudi Dodoma. "Bado ananuka maziwa. Mrudi naye Dar achanjwe, akue, akiwa mkali mtaniletea."

Eliona alimkumbatia bibi yake kiunoni hata akamyumbisha. Hosea alisubiri mkewe na mtoto watangulie. Alimsogelea mama yake. Safari hii alikuwa amekusudia.

"Mama, mimi nili..."

"Usiseme."

"Ni lazima niseme. Ile siku uliponipigia simu..."

"Hosea." Alimwekea kiganja kifuani. "Nimeshamshukuru Mungu mbele ya watu. Kuku wangu ameshaliwa kwa mwalimu. Ukisema leo, nitakuwa nilisimama madhabahuni nikatoa shukrani ya uongo. Mimi ni mzee, nitaibeba wapi hiyo?"

"Na wewe je? Usiku?"

"Nilikuwepo kabla ya mbwa."

"Mama, hata kazi yenyewe..."

"Najua," alisema. "Mwenye kazi akija hapa simu yake inaita. Yako haikuita hata mara moja. Nenda, mwanangu, bajaji itawaacha. Ukipata, utaniambia. Usipopata, njoo hivyohivyo."

Alitaka kusema asingekuja tena mikono mitupu. Alitaka kusema mengi. Mama yake alikuwa ameshageuka, anaokota kile kipande cha kamba ya katani kilichobaki uani. Hosea alimwona akikifunga upya kwenye nguzo ya kibanda, akavuta kuona kama kimekaza, kisha akaliweka bakuli la bati chini yake na kulimiminia uji kidogo, mahali ambapo mtu anayechungulia kutoka njiani angeliona.

Walishuka. Asubuhi ilikuwa na jua, na mlima ulikuwa umejitoa wote mawinguni. Eliona alikuwa anamwimbia Chapati lile pambio la basini. Walipofika kwenye kona, pale ambapo nyumba inafichwa na migomba, wakasikia kikohozi kutoka juu. Kizito, cha kifuani, cha mwanamume. Kikatulia. Kikarudi tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayekijaribu aone kama bado anakiweza.

Hosea alisimama. Ilikuwa sauti ya baba yake aliyemzika kwenye kihamba kilekile.

Eliona aliacha kuimba. "Baba, nani yule anakohoa? Bibi amebaki na nani?"

Magdalena alimtazama mumewe. Chini, kwenye daraja, bajaji ilikuwa inapiga honi.

"Ni Bibi," alisema Hosea.

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa anakohoa nini?"

Hosea akamwambia. Akamwambia yote, ya simu, ya wezi na ya mbwa aliyeombwa akasahauliwa. Alipomaliza, Eliona alikuwa amelibana boksi kwa mikono miwili, anaangalia nyuma kwenye migomba. Alibaki hivyo mpaka honi ikapigwa tena. Kisha akaanza kushuka, polepole, na pambio hakuliimba tena mpaka Dar es Salaam.